Mkono wa Halua

Mkono wangu wa kulia ulikwama ndani ya mkono wa gauni. Nisameheni, lugha yetu ndivyo ilivyo, wa mtu ni mkono na wa nguo ni mkono, na siku ile ilikuwa imeshikana haiachani. Wa kushoto ulishaingia zamani, tena kwa raha zake, mpaka kitambaa kikabaki chaning'inia. Wa kulia ulifika juu ya kiwiko ukagoma. Fundi akavuta. Mama mdogo akavuta. Mie nikavuta pumzi nikabana tumbo, kana kwamba mkono nao wakaa tumboni.

"Vuta tena," fundi akasema.

"Likipasuka je?"

"Halipasuki. Nimelishona mwenyewe."

Likapasuka. Lilitoa sauti ndefu, kuanzia kwapani mpaka kwenye kiwiko, na wote wanne mle chumbani tukaliinamia. Wa nne alikuwa wifi yangu mtarajiwa, aliyekuja kuona kitambaa walicholeta wao kwenye sanduku la bibi harusi kimegeuka nini. Alikuwa amekaa kitandani na soda yake. Akaiweka chini.

Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

Kosa lilikuwa letu wawili, mie na fundi. Siku aliyokuja kunipima alinikuta uani, mbele ya karai, halua imeshaanza kushika. Halua ikishika haikungoji. Ukiuacha mwiko dakika mbili umepika tofali. Baba alinifundisha kukoroga kwa mkono mmoja, wa kulia, huku wa kushoto wamimina samli kidogo kidogo, na wakati ule samli ilikuwa imekwisha, kwa hiyo wa kushoto ulikuwa umejishika kiuno tu. "Usisimame mwanangu," fundi akaniambia, "naupima huu uliokaa bure." Akazungusha tepu, akaandika kwenye daftari lake: mkono. Hakuandika kulia wala kushoto. Nani hupima miwili? Mtu huhesabiwa ana jozi, kama viatu. Basi akashona mikono yote miwili ya gauni kwa kipimo cha ule mvivu.

Sasa, wifi akauangalia mkono wangu wa kulia uliotokeza kwenye mpasuko, akauangalia wa kushoto, akarudi kwenye wa kulia. Bega langu la kulia nalo lilikuwa limeshuka chini ya mwenzake, jambo ambalo sikuwahi kuliona mpaka nilipojitazama kwenye kioo siku ile na gauni bovu.

"Huo mkono una nini?" akauliza.

Ningeweza kusema mambo mia. Nikasema, "Nimezaliwa nao hivi."

Yarabi! Mama mdogo alinifinya, lakini maneno yalishatoka. Wifi akaaga, soda haijaisha. Adhuhuri alikuwa ametuma sauti kwenye simu, ya dakika nne, kwa dada zake. Alasiri jirani yetu akaja na sahani ya viazi vya karai, akamwambia mama kwa huruma tele, "Pole. Tumesikia ana matende." Matende, ugonjwa wa kuvimba miguu! Mie mkononi! Na kabla ya magharibi ujumbe ukafika kutoka kwa mama yake bwana harusi: harusi isubiri, binti aende akaangaliwe, kisha yeye mwenyewe atakuja kuona.

Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikalia bila kucheka. Nilimpenda yule kijana, niseme wazi, sina haya. Anaendesha boti la abiria kwenda Manda, kwenye uwanja wa ndege, na kila Alhamisi alikuja dukani kwetu kununua halua. Nilikuwa nikimchungulia nyuma ya pazia. Husukuma kipande kizima mdomoni, hufunga macho, kisha humwambia baba, "Bwana, Mwenyezi Mungu akuhifadhie mkono huo." Na mie nyuma ya pazia nikitaka kuruka, nikitaka kupiga kelele, maana mkono huo ulikuwa wangu.

Hapa itabidi niitoe siri ya nyumba yetu.

Kwetu Amu, yaani Lamu, mtu akipika kikawa kitamu husemwa ana mkono. Hawasemi halua ya duka fulani, husema halua ya mkono wa Bwana fulani, na mkono wa baba yangu ulijulikana toka hapa mpaka Kiunga. Posa, hitima, Idi, wote huagiza kwake. Watu hubeba halua yake kwenye ndege wakaipakata kuliko watoto. Kisha miaka sita nyuma aliteleza kwenye ngazi za gati na gunia la sukari, bega likatoka. Likarudishwa, lakini nguvu haikurudi nalo. Alijaribu kukoroga, mwiko ukamzamia karaini. Kaka zangu wako Mombasa na Doha. Mama alijaribu, akachoka kabla wanga haujaiva. Nikabaki mie, miaka kumi na tisa, mwembamba pande zote mbili. Nikashika mwiko kwa wiki moja tu, mpaka baba apone. Ile wiki ndiyo haijaisha mpaka leo.

Baba akaendelea kukaa dukani na kanzu yake ya mikono mirefu, joto lisilosemeka, akipima na kufunga. "Mkono wako hauzeeki, Bwana," wateja humwambia, naye hujibu, "Alhamdulillahi," akatuambia sisi kwamba hilo si uongo, mtu kumshukuru Mungu. Na yeyote aliyenikuta mbele ya karai aliambiwa namshikia baba tu, yeye kaenda msikitini. Kwa miaka sita baba yangu alikuwa akisali kuliko imamu.

Aliogopa wateja watasema mkono umekufa, watahama. Nadhani aliogopa na jengine, kwamba bila ya mkono ule yeye atakuwa mzee aliyekaa na mizani. Sikuwahi kumuuliza. Nilimpenda na huyu, ndiyo shida yenyewe.

Kesho yake mama akanipeleka hospitali. Muuguzi, mwanamke mwenye kicheko cha karibu, alinikalisha, akanibonyeza mkono kwa dole gumba, akaachia. "Ungekuwa umevimba maji, ningeacha shimo hapa," akasema. "Huu warudi wenyewe. Hii ni nyama ya kazi." Akatoa tepu, akapima huu, akapima ule. Wa kulia ulizidi kwa inchi moja na nusu. "Wafanya kazi gani?"

Mama akakohoa. Nikasema, "Za nyumbani."

"Basi hiyo nyumba ni kubwa." Akacheka, akanieleza. Mtu yeyote ana upande anaoupendelea, akasema, na upande ule ndio unaobeba, unaosukuma, unaofungua makopo, kwa hiyo nyuzi za misuli hunenepa, na hata mfupa wenyewe hukomaa zaidi. Kwa wengi tofauti ni ndogo, macho hayaioni. Lakini ukiupa mkono mmoja kazi nzito kila siku kwa miaka, utaonekana, na bega litashuka, na mgongo utajipinda kidogo kulifuata. "Hakuna aliyenyooka," akasema. "Nipime mimi." Nikampima. Wake wa kulia ulizidi nusu inchi. Akafurahi utasema kashinda mashindano.

"Tuandikie barua basi," mama akamwomba, "tuwaonyeshe watu."

"Niandike nini, mama? Kwamba binti ana mkono?"

Tukarudi bila karatasi, lakini na ugonjwa mpya: kupimana. Wallahi nyumba nzima iliingia wazimu. Mama mdogo akaazima tepu ya fundi. Tulimpima mama, tukakuta wa kushoto ndio mkubwa, tukastaajabu, maana yeye ni wa kulia kwa kila kitu. Akafikiri, akapiga paji la uso. Alitubeba sote sita upande wa kushoto ili wa kulia ubaki huru kupika. "Kumbe huku ni nyinyi," akasema, akaushika ule mkono akauangalia kwa mapenzi. Mama mdogo tukampima mara tatu, sawa kwa sawa, hakuna hata uzi wa tofauti. "Mvivu wa pande zote," mama akasema. Tulicheka tukakaa chini. Mama akatafuta taulo lake la jikoni ajifute machozi, lile la maua ya manjano, akakumbuka kwamba halionekani tangu Idi, akajifutia leso. Tukamkamata paka. Paka akakataa kupimwa, akamwachia mama mdogo alama tatu kwenye mkono wa kulia, na sasa angalau alikuwa na tofauti.

"Baba, ndoo hapa tukupime!" nikaita.

Baba akasimama mlangoni, akasema wakati wa swala umefika, akatoka. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Lakini kicheko hakikutuvusha. Mama mkwe atakuja, atauona mkono, tutamwambia ni nyama ya kazi, naye atauliza neno moja tu: kazi gani? Mama mdogo alikuwa na majibu tele. Tuseme navuta maji kisimani. Tuseme nacheza karate kwa siri. Tuseme wa kushoto ndio unaoumwa, umekonda, huu ndio wa kawaida. Mama akamgeukia baba, aliyekuwa akinywa kahawa kwa mkono wa kushoto. "Na wewe wasemaje?"

"Semeni nazi," baba akasema. "Anakuna nazi nyingi."

Nilikasirika. Sijawahi kumjibu baba katika maisha yangu, lakini siku ile nilimjibu. "Baba, watu wasema nina matende. Wataniacha."

Hakuniangalia. Aliizungusha kahawa kikombeni muda mrefu. "Semeni nazi, mwanangu," akarudia, pole pole, na sauti yake haikuwa ya kuamrisha, ilikuwa ya kuomba. Ndipo hasira ikanitoka yote nikabaki na simanzi tu. Nikasema, haya, nazi.

Mama mkwe akaja siku ya tatu, baada ya jua kupoa, na binti yake nyuma. Mwanamke mnene, wa maneno machache, kila neno amelipima. Akavua buibui, akakaa. Mama akaleta kahawa na sahani ya halua. Akachukua kipande, akala, akafumba macho vile vile afanyavyo mwanawe, na mie pale pale nikasahau woga nikafurahi. Kisha akafuta vidole.

"Hebu huo mkono."

Nikampa. Akaubonyeza kwa dole gumba, akaachia, akaubonyeza tena juu zaidi. Nikashukuru, huyu alishauliza watu. "Hauna maji," akamwambia binti yake, na wifi akatazama sakafu. "Mgumu. Mkono mzima wa afya. Kazi gani hii?"

"Kukuna nazi," nikasema.

Aliukagua mkono wangu toka begani mpaka kifundoni. Kisha akakunja mkono wa gauni lake mwenyewe, taratibu, mpaka begani, akaunyoosha mkono wake kando ya wangu. "Mie nimekuna nazi tangu nikiwa kigoli. Nimekunia harusi, nimekunia matanga, nimekunia nyumba ya watu kumi na nne. Tazama. Nazi hujaza hapa chini, karibu na kifundo, kwa sababu ya kuzungusha. Wako umejaa juu, umejaa bega. Nazi haifiki begani." Akaukunjua mkono wa gauni. "Mwanangu, mie matende siyaogopi, ni ugonjwa, watibiwa. Naogopa mtu anayenificha. Wanificha nini?"

Loo! Nilitazama pazia. Chini ya pazia, upande wa pili, niliona viatu vya baba, vile vya ngozi, vimesimama bila kutikisika. Neno moja tu lilitosha. Halua. Nilikuwa nalo ulimini. Nikafikiria boti, nikafikiria Alhamisi, nikafikiria macho yakifumbwa. Kisha nikaviangalia tena vile viatu, nikafunga mdomo. Na mie kufunga mdomo, wanaonijua wajua, si kazi ndogo.

"Basi," mama mkwe akasema. Hakukasirika, na hilo ndilo lililouma. Akavuta buibui lake.

"Hodi," pazia likasema.

Baba akaingia. Hakukaa. Alisimama katikati ya wanawake, akatia mkono wa kushoto ndani ya mkono wa kulia wa kanzu yake, akawa anavuta kitu. Akavuta, akavuta. Kikatoka kitambaa, kikazidi kutoka, kirefu, kimekunjwa kunjwa, cheupe chenye maua ya manjano.

"Taulo langu!" mama akapiga ukelele.

Mkono wa kanzu ukanywea, ukalala juu ya kijiti. Ndivyo ulivyokuwa mkono wa baba yangu, kijiti. Miaka sita hakuusongesha mwiko, na nyama ikaondoka kama ilivyokuja. Sikuwa najua. Nilikuwa nakaa naye nyumba moja na sikuwa najua kwamba kila asubuhi alijijaza begani taulo za jikoni ili alingane.

"Mkono wa halua ndio ule," baba akasema, akanionyesha kwa kidevu. "Huu wangu ni taulo. Yeye hakuficha kitu, Bi. Mwenye kuficha ni mie."

Mama mkwe alimtazama baba, akalitazama taulo, akanitazama mie, kisha akageuka akaitazama sahani. Akachukua kipande kingine, akala chote, hakuharakisha.

"Tangu lini?"

"Miaka sita."

"Wallahi nilisema!" Akapiga goti kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. "Nilimwambia mume wangu! Nilimwambia, huyu Bwana tangu mwaka ule halua yake imelainika, lazima kaoa mke wa pili!"

"Aoe na mkono gani?" mama akasema.

Basi tena. Mama mkwe alianza, wifi akafuata, mama mdogo akateremka kwenye kiti akakaa chini kabisa ili acheke vizuri. Baba alisimama na taulo lake, hajui alishike wapi, mpaka na yeye mabega yakaanza kumtikisika, moja kubwa moja dogo. Mie nililia na kucheka kwa pamoja mpaka sikujua lipi ni lipi. Mama mkwe akaniita karibu, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Mwambie fundi aongeze kitambaa," akasema. "Mkono usipungue hata uzi." Akamgeukia baba. "Na karai libaki papa hapa, Bwana. Nyumba yetu si mbali, ni kukata ndia mbili tu. Atakuja kila asubuhi. Sina nia ya kuukosesha mui wa Amu halua."

Bwana harusi alipohadithiwa alituma ujumbe mfupi kwenye simu: Kwa hiyo ni wewe niliyekuwa nikikuombea dua kila Alhamisi.

Baba naye alifanya jambo ambalo sikumwambia afanye. Kesho yake alienda dukani na kanzu ya mikono mifupi. Kila aliyekuja alimwambia, hii ni ya mkono wa binti yangu. Wengine walidai walijua zamani, uongo mtupu wa watu wa Amu, hakuna aliyejua. Mmoja alihama, akaenda kununua kwa mwengine. Alirudi baada ya siku nne na kikapu kikubwa zaidi.

Siku ya kutiwa hina, bibi aliyenichora alitaka kunizungushia maua juu ya kiwiko, mkono huu na mkono huu, yaliyoshikana kama bangili. Kushoto yalienea matano. Kulia akachora matano, akakuta pengo. Akasonya, akafuta jasho, akachora la sita. Baba aliingia kuniombea dua, akayaona, akayahesabu kwa kidole kutoka mbali, huku, kisha huku.

"Mbona huku lazidi moja?"

"Nafasi ilibaki, Baba."

Akaja karibu. Akaunyanyua ule mkono wake mwembamba, kwa shida, kwa kuusaidia na mwenzake, akauweka juu ya ua la sita. "Hili ni langu," akasema.

Bibi wa hina akapiga mayowe, maana hina ilikuwa mbichi. Lakini baba hakuuondoa upesi. Basi siku ya harusi mie nilitolewa na gauni la mikono isiyolingana na ua moja limevurugika, na baba yangu alikwenda kuniozesha na ua jekundu kwenye kiganja cha kulia, akimwonyesha kila aliyeuliza, na wengi ambao hawakuuliza.